Sinema ya Marekani Baada ya Vita: Kilichoonyeshwa na Kilichokatwa

Mwaka 1946, watazamaji wa Marekani walimwona Harold Russell akivua mikono yake. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa askari aliyepoteza mikono yote miwili kwa mlipuko akiwa mafunzoni mwaka 1944, na tangu hapo alitumia kulabu za chuma. Katika The Best Years of Our Lives, iliyoongozwa na William Wyler, anampeleka mchumba wake chumbani ili aone usiku wake unavyokuwa. Anazivua kulabu, anaziacha kitandani, kisha anamweleza kwamba mlango ukijifunga hana namna ya kuufungua. Russell alipata Oscar mbili kwa nafasi hiyo moja.

Filamu hiyo iligusa wengi kwa sababu mamilioni ya wanaume walikuwa ndiyo kwanza wamerudi kutoka vitani. Mhusika mmoja, kapteni wa jeshi la anga, anajikuta tena kwenye kaunta ya duka lilelile alilolihama. Mwingine, ofisa wa benki, anampa mkopo wa shamba askari mwenzake asiye na dhamana. Hapo ndipo pa kujiuliza nani hayupo. Askari weusi nao walirudi, na wengi wao walinyimwa mikopo na benki za mitaani kwao licha ya sheria ya 1944 iliyowahakikishia wote waliopigana. Hadithi yao haimo.

Ndiyo maana sisi tunaofundisha historia ya filamu hatuishii kwenye ule msemo kwamba filamu ni kioo cha jamii. Kabla ya kumfikia mtazamaji, filamu ya miaka hiyo ilipita kwa watu wengi, na kila mmoja alikuwa na mkasi wake. Studio zilikuwa na kanuni zao za maadili, zilizosimamiwa kwa ukali tangu 1934, na mapenzi kati ya mweusi na mweupe yalikuwa mwiko. Miji nayo ilikuwa na bodi zake za ukaguzi. Mjini Memphis, Tennessee, mwenyekiti Lloyd Binford aliipiga marufuku Curley mwaka 1947, vichekesho vya watoto tu, kwa kuwa watoto weusi na weupe walionekana darasa moja. Studio zilijua mapema. Nyimbo za Lena Horne, mwimbaji na mwigizaji mweusi, ziliwekwa mahali ambapo kumbi za majimbo ya Kusini zingeweza kuzikata bila hadithi kuharibika. Ukizitazama leo utaona: anatokea, anaimba, anaondoka, na mara nyingi hazungumzi na mhusika yeyote.

Hofu ya ukomunisti ikaongeza makali. Mwaka huohuo wa 1947, waandishi na waongozaji kumi walikataa kuijibu kamati ya Bunge kuhusu siasa zao. Wakafungwa jela, na studio zikawafungia milango. Mmoja wao, Dalton Trumbo, aliendelea kuandika kwa kujificha, na Oscar ya hadithi ya The Brave One (1956) ilitolewa kwa Robert Rich, jina la bandia alilolitumia.

Mikasi ilianza kupoteza makali kwa sababu za kibiashara na kisheria zaidi ya huruma ya mtu yeyote. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilizibana studio ziachane na kumbi zao. Mwaka 1952 ikasema filamu inalindwa na uhuru wa maoni. Runinga ikabakiza watu nyumbani. Waliobaki kununua tiketi walikuwa vijana, na ndio waliosisimkia Blackboard Jungle (1955), iliyofunguliwa kwa rock and roll huku mwigizaji mweusi Sidney Poitier akicheza kama mwanafunzi mkaidi. (Miaka miwili baadaye, mwongozaji huyohuyo, Richard Brooks, alimpa Poitier nafasi ya Mkikuyu anayejiunga na Mau Mau katika Something of Value.)

Poitier ndiye kipimo kizuri. Tarehe 12 Juni 1967 Mahakama ya Juu ilifuta sheria zilizokataza ndoa za weusi na weupe katika majimbo 16. Guess Who's Coming to Dinner ikatoka Desemba, Poitier akiwa daktari asiye na dosari hata moja anayetaka kumwoa binti wa kizungu. Kwangu mimi usafi huo ni woga: mkwe alipaswa kuwa karibu malaika ndipo akubalike.

In the Heat of the Night, ya mwaka huohuo, ina ujasiri zaidi. Tajiri wa pamba anampiga kofi mpelelezi mweusi, yaani Poitier, na papo hapo mpelelezi anamrudishia. Mkuu wa polisi, mzungu, anaulizwa atafanya nini, hajui. Hadithi ni ya Mississippi, lakini sehemu kubwa ilipigwa Sparta, Illinois, maana Poitier hakutaka kwenda Kusini. Sherehe za Oscar ziliahirishwa kwa siku mbili kupisha mazishi ya Martin Luther King, na Aprili 10, 1968 filamu hiyo ikatwaa tuzo ya filamu bora.

Nyuma ya kamera mambo yalikwenda polepole zaidi. Filamu zote nilizozitaja ziliongozwa na wazungu. Mtu mweusi wa kwanza kuongoza filamu ya studio kubwa ya Hollywood, Gordon Parks, alipata nafasi hiyo kwa The Learning Tree, iliyotoka mwaka 1969.