Presha kuka, Yaka na mkopo: piga hesabu kwanza

Hapa Busia, Uganda, nikimaliza kazi ya waya kwenye nyumba ya mtu, swali linalofuata huwa ni hili: "Fundi, nikope niweke sola?" Kwa nyumba iliyo na umeme tayari, jibu langu mara nyingi ni kwamba mkopo wa kwanza uende jikoni. Mkaa ndio unaomaliza pesa kimya kimya, elfu mbili leo, elfu tatu kesho, na tangu amri ya rais ya Mei 2023 ya kuzuia uchomaji mkaa wa biashara kule kaskazini, sijamsikia mtu akisema gunia limeshuka bei.

Lakini kabla hujanunua presha kuka ya umeme, elewa bei ya yuniti, maana wengi hununua Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, bila kujua bei ilivyopangwa. Kwa bei za 2025, yuniti 15 za kwanza katika mwezi ni shilingi 250 kila moja. Ya 16 hadi ya 80 ni kama 750. Kisha, kuanzia ya 81 hadi ya 150, bei inashuka mpaka kama 412. Hii ndiyo bei ya kupikia, iliyowekwa na ERA, mamlaka inayopanga bei za umeme, ili watu waache mkaa. Ukipita 150 unarudi kule juu. Ongeza VAT ya asilimia 18. UEDCL, kampuni ya serikali, ilipochukua kazi ya kusambaza umeme kutoka kwa kampuni ya Umeme mwezi wa nne 2025, mpangilio huu ulibaki.

Umeona shida iko wapi? Nyumba inayotumia yuniti 30 kwa mwezi haiifikii kamwe ile bei ya kupikia. Anayeifikia ni mwenye friji, televisheni na pasi. Mimi naona mpangilio huu umemsahau mtu mdogo, ila hata kwake hesabu bado inalipa. Tuifanye.

Chukua familia inayotumia yuniti 70, na mkaa wa 75,000 kwa mwezi. Wananunua presha kuka ya 300,000. Maharage, nyama, wali na makongoro vinahamia huko; chapati na vya kuchoma vinabaki kwenye sigiri, kwa hiyo mkaa unashuka hadi 30,000. Presha kuka ya kawaida ni wati 1,000, lakini haiwaki muda wote: ikishapata presha inazima, inawaka kidogo, inazima tena. Sufuria ya maharage hula karibu nusu yuniti, na kwa mwezi tuseme yuniti 24. Kumi za kwanza, ya 71 hadi ya 80, zinalipiwa 750, kumi na nne zilizobaki 412. Pamoja na VAT ni kama 15,700. Mkaa umepungua 45,000, umeme umeongezeka 15,700, zinabaki 29,300 kila mwezi. Yule wa yuniti 30 atalipa zote 24 kwa 750, abaki na kama 23,800. Si haba.

Hiyo 29,300 ndiyo mkopo unaoumudu. Hapa ndipo watu huumia. Mkopeshaji wa mtaani anakwambia asilimia 3 kwa mwezi, inasikika ndogo. Lakini anaihesabu kwenye 300,000 nzima mwezi baada ya mwezi, hata kama umeshalipa nusu. Kwa miezi 12 riba ni 108,000, na kila mwezi unatoa 34,000. Presha kuka haijilipii, unaongezea mfukoni. Akikubana miezi sita, ni 59,000 kwa mwezi. Sasa nenda SACCO inayotoza asilimia 2 kwa deni lililobaki tu. Miezi ile ile 12, unalipa kama 28,400, na mkaa uliopungua unaibeba yote. Kwa hiyo muulize afisa wa mikopo: riba inahesabiwa kwenye deni lote au kwenye lililobaki? Akizunguka zunguka, ondoka. Mwenye kikundi cha akiba kinachogawana pesa Desemba asikope kabisa, angoje mgao.

Taa usikopee. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kwa siku inakula yuniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 haifiki moja na nusu. Friji nayo, funga karatasi mlangoni kisha ivute: ikitoka bila kushikwa, badilisha mpira. Mashine ya maji moto bafuni ndiyo mnyama. Wati 5,000 kwa dakika kumi ni zaidi ya nusu yuniti, karibu 0.8, na watu wanne wakioga kila siku zinafika 100 kwa mwezi. Hapo ndipo sola ya kuchemshia maji inapoanza kuwa na maana.

Waya pia. Soketi ya presha kuka iwe na waya wa milimita za mraba 2.5. Nimefungua soketi nyingi zilizovutwa kwa 1.5 ya taa, plastiki imeshakuwa kahawia. Na ile ekstensheni nyembamba ya elfu kumi inayopita chini ya zulia, usiichomekee kitu kinachopika.

Kwa wapangaji wa mizigo, yaani vile vyumba vya kupanga vilivyoungana, mambo ni mengine. Vyumba sita vikiwa kwenye Yaka moja, zile yuniti 15 za bei nafuu ni za mita, si za kila chumba, na huisha siku ya kwanza au ya pili. Upande mwingine, mkiwa wengi mnaifikia 81 haraka, kisha 150 mnaipita. Ombeni mwenye nyumba awaombee mita zenu. Na mpangaji anunue anachoweza kubeba siku akihama. Dari, soketi mpya, tangi la maji moto ni vya nyumba. Ukitaka kuviweka kwa pesa yako, mwandikiane kwanza kwamba vitakatwa kwenye kodi, kiasi gani na miezi mingapi, na mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji au mtaa, agonge muhuri kabla fundi hajatoboa ukuta.