Je, wajua kwa nini taa ya kichwa cha treni ya mfano huwaka na kuzimika kila ukiongeza mwendo?

Hapa mjini Moshi, treni si kitu kigeni. Reli kutoka Tanga ilifika hapa 1911, ikasogezwa hadi Arusha 1929, na baada ya ukimya wa miaka mingi treni ya abiria ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka uliofuata. Kigeni kidogo ni kichwa cha treni kinachoenea kiganjani. Vichwa hivi huingia ndani ya begi la ndugu aliyetoka Ujerumani, au vikiwa vimechanganyika na mitumba ya vitu vya watoto. Mwenye nacho akitaka kukiendesha kisasa hukifunga dikoda, yaani kibao kidogo cha elektroniki kinachopokea amri za rimoti, globu ya zamani huitoa na kuweka LED, kisha maswali huanza.

Jirani yangu mmoja wa Majengo yalimkuta hayo. Kichwa kinatembea vizuri, ila taa inawaka hatua ya kwanza ya mwendo, inazimika ya pili, inawaka ya tatu. Akakipeleka kwa fundi wa redio. Fundi akakigeuza, akatikisa waya, akasema, “Mzee, hapa kuna waya unagusagusa. Niachie mpaka jioni.” Jioni maungio yote yalikuwa yamelehemiwa upya, yanang'aa, na taa iliendelea na mchezo wake ule ule.

Waya hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye lugha ambayo rimoti na dikoda vinazungumza.

Mfumo wenyewe unaitwa DCC, yaani kuendesha treni za mfano kwa amri za kidijitali. Ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, NMRA, kikaufanya kuwa kiwango cha wote. Ndani ya reli hakuna chanya na hasi za kudumu. Umeme wa volti 14 hadi 16 hivi, kwa treni za kipimo cha HO (ndogo mara 87 kuliko treni halisi), hugeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde, na kule kugeuka ndiko ujumbe wenyewe: ukikaa upande mmoja mikrosekunde 58 ni moja, ukikaa 100 au zaidi ni sifuri. Dikoda husikiliza, huchukua amri yenye anwani yake, kisha huendesha mota na taa.

Mwanzoni amri ya mwendo ilikuwa baiti moja tu, yaani biti 8. Mbili za kwanza hutambulisha kwamba hii ni amri ya mwendo, ya tatu husema mbele au nyuma. Zinabaki tano. Katika hizo, nne zilipewa mwendo na moja ikapewa taa. Biti nne hutoa michanganyiko 16. Toa mmoja wa kusimama na mwingine wa kusimama kwa dharura, unabaki na hatua 14. Ni chache. Kichwa kinaruka kutoka hatua hadi hatua badala ya kuondoka taratibu. Basi taa ikanyang'anywa biti yake na kutengenezewa amri ya peke yake, na ile biti ikahamia kwenye mwendo. Biti tano ni michanganyiko 32, minne ikawa ya kusimama, zikapatikana hatua 28.

Sasa chukua rimoti inayotuma hatua 28, na dikoda iliyowekwa kwenye hatua 14. Ile biti moja rimoti inaihesabu kuwa ya mwendo, tena ndogo kuliko zote, ile inayokwenda 0, 1, 0, 1 kila unapopanda hatua. Dikoda inaisoma kuwa ni taa: zima, washa, zima, washa. Kila upande unafuata sheria yake barabara.

Dawa iko kwenye kumbukumbu ya dikoda, kwenye namba inayoitwa CV 29. Ndani yake hatua 28 zina thamani ya 2. Isome kwanza, gawanya kwa 4, na kama kinachobaki ni 0 au 1, ile 2 haimo, iongeze. Ukikuta 4 andika 6, ukikuta 36 andika 38. Usiandike 6 kwa mazoea tu, maana 32 ni alama ya anwani ndefu. Ukiifuta, kichwa kitaacha kuitika kwa anwani yake uliyoizoea. Na kama mambo ni kinyume, dikoda iko kwenye 28 na rimoti inatuma 14, taa haiwaki kabisa hata ubonyeze kitufe chake mpaka kichakae. Hapo kinachorekebishwa ni rimoti.

Kwa hiyo kabla ya kushika lehemu, tazama taa inafuata nini. Ikifuata hatua za mwendo kwa utaratibu, ni CV 29. Ikikonyeza ovyo kichwa kinapotembea na kutulia kikisimama, ni uchafu. Vumbi letu la kiangazi, sina haja ya kulieleza, linaganda kwenye magurudumu na mafuta ya gia hadi linakuwa ngozi nyeusi. Futa magurudumu na reli kwa kitambaa chenye spiriti.

Ikiwa haiwaki kabisa na CV 29 iko sawa, ndiyo ufuate waya. Aliyezoea waya za gari ajihadhari, kwa sababu huko nyekundu ni chanya na nyeusi ni bodi. Hapa nyekundu na nyeusi zinatoka relini, machungwa na kijivu zinakwenda kwenye mota. Chanya ya taa zote ni bluu. Nyeupe ni ya taa ya mbele na njano ni ya nyuma, ila hazitoi umeme: dikoda hufungua na kufunga upande wa hasi. Mguu mrefu wa LED uelekee bluu, mfupi uelekee nyeupe au njano.

Na lazima kuwe na rezista, kile kipande kinachobana umeme usipite mwingi. Kati ya bluu na nyeupe chukulia kuna volti 14. LED nyeupe inatumia 3, zinabaki 11. Kwa rezista ya ohm 1,000 (kahawia, nyeusi, nyekundu) unapata miliampia 11, wakati LED nyingi mwisho wake ni 20. Bila rezista LED inamulika mara moja na kufa, na inaweza kuondoka na dikoda. Mimi hupenda kuongeza hadi ohm 4,700 au zaidi. Kichwa cha mvuke chenye taa kali kama bodaboda ya usiku kinachekesha.

Wapo wanaobana matumizi kwa kuweka rezista moja kwenye bluu kwa ajili ya taa zote. Inafanya kazi zikipokezana. Zikiwaka pamoja, na moja ni nyekundu inayotosheka na volti 2, nyeupe inazimika kwa sababu haifikishiwi 3 zake.

LED nzima nyingi hutupwa kwa sababu ya kipimo. Multimita nyingi za bei nafuu, zikiwekwa kwenye alama ya dayodi, hazifikishi volti 3, kwa hiyo LED nyeupe haiwaki na inahesabiwa imekufa. Ijaribu kwa betri ya volti 9 na rezista ya ohm 1,000.

Vichwa vya zamani vina mtego wa ziada: globu ilirudisha umeme kupitia bodi ya chuma inayogusa reli ya upande mmoja. Ukiiacha hivyo, taa inapata umeme umegeukia upande mmoja tu, inafifia. Mota nayo ikiwa inagusa bodi, dikoda inaungua siku ya kwanza. Weka multimita kwenye mlio, gusa brashi ya mota na kila gurudumu. Isilie hata mara moja.

Kuna taa inayobaki na mwanga hafifu hata baada ya kuzimwa. Transista ya dikoda huvujisha umeme kidogo sana, ambao globu ya zamani isingeuonyesha, lakini LED hung'aa hata kwa mikroampia chache. Lehemu rezista ya ohm 10,000 sambamba na LED, mguu kwa mguu. Umeme unaovuja utapita humo, na LED haitafikia volti ya kuanzia kuwaka.