Shida Zikizidi, Kujikaza Pekee Hakutoshi

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo aliyenusurika angeweza kufungwa hadi miaka miwili, kutozwa faini, au vyote viwili. Hata hivyo, bado kuna familia zinazochelewa kumleta mtu wao hospitalini kwa kuhofia polisi. Sisi wa kliniki tunasema wazi: kumwambia mhudumu wa afya kwamba umechoka na maisha si kosa, na halikuwa kosa hata kabla ya uamuzi huo. Kilichobaki ni kifungu cha 225, na adhabu yake ni kubwa: anayemshawishi mwenzake hadi akajiua, au anayemsaidia kufanya hivyo, anaweza kufungwa maisha. Wanaomwandikia mtu aliye taabani maneno ya kumchochea waelewe kwamba uamuzi wa Januari haukuwagusa wao.

Wengi wanaohitaji msaada wetu hawajafika huko. Wamelemewa na karo, kodi ya nyumba, kufutwa kazi, msiba au ndoa inayoyumba. Wameambiwa na kila mtu "jikaze kisabuni", wamejikaza, na sasa hawalali. Wengine huja kuomba sindano ya kuondoa mawazo. Sindano hiyo haipo. Kipo kitu kinachofundishika, na hakihitaji daktari kila hatua.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya vikao vitano, kimoja kwa wiki, kila kimoja dakika 90. Yalijaribiwa Nairobi miongoni mwa wanawake waliopitia dhiki, ukatili wa kijinsia ukiwemo, na waliowaongoza hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa kazi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliopata vikao hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mengi ya yanayofundishwa humo unaweza kuanza leo nyumbani.

Anza na pumzi. Keti, legeza mabega, weka mkono mmoja tumboni. Vuta hewa polepole ukihesabu hadi tatu, tumbo liinuke, kisha itoe kwa hesabu hiyo hiyo. Endelea kwa dakika kama tano. Kosa la kwanza ni kuvuta kwa nguvu na kwa haraka: utasikia kizunguzungu na vidole kufa ganzi, uanze kudhani ni moyo. Kosa la pili ni kungoja hadi siku ya balaa. Fanya zoezi hili kila siku, hata ukiwa mtulivu, ili mwili uwe umelizoea utakapolihitaji.

Hatua ya pili ndiyo wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa. Chukua karatasi, uandike kila kinachokusumbua, kila jambo mstari wake. Tuseme mama ana kibanda cha mboga na mumewe amefutwa kazi. Ataandika: kodi ya miezi miwili, karo ya mtoto wa kidato cha pili, mkopo wa chama, shemeji anayemsema vibaya, mume aliyekosa kazi, mvua iliyoharibu mboga. Kichwani mambo haya sita ni donge moja. Kwenye karatasi yanagawanyika mafungu matatu: yanayoweza kushughulikiwa, yasiyo mikononi mwake, na yasiyo na uzito sana. Mboga zimeshaoza. Shemeji atasema apendavyo. Kodi, karo na mkopo vinashughulikika, ila si vyote kwa siku moja.

Achague kimoja, na si lazima kiwe kikubwa kuliko vyote. Tuseme karo. Aandike njia zote zinazomjia, hata zile anazoziona duni: kumwona mwalimu mkuu kuomba kulipa kwa awamu, kuomba fomu ya basari ya eneo bunge au ya wadi, kuuza kuku wawili, kumwomba mjomba wa mtoto. Ndipo apime kila njia kwa faida na hasara, achague moja au mbili, aweke siku na saa: Jumanne saa mbili asubuhi, ofisini kwa mwalimu mkuu, na cha kulipa mwanzo mkononi. "Nitaenda wiki ijayo" si mpango. Baada ya Jumanne arudi kwenye karatasi aandike kilichotokea. Mwalimu mkuu akikataa, ajaribu njia ya pili, kwa maana kilichoshindikana ni njia moja tu.

Hatua hii huharibiwa na mambo mawili. La kwanza ni kuchagua tatizo lisilo na mlango, kama kumbadilisha tabia mtu mwingine. La pili ni kukopa ili kulipa mkopo, hasa kwenye simu, ambako pesa huingia kabla hujafikiri. Ukijipata hapo, simama. Andika kila deni, kiasi, riba na tarehe, kisha uzungumze na mkopeshaji kabla ya tarehe kupita. Kuzima simu hakufuti deni.

Mtu aliyeelemewa huacha kufanya mambo. Haendi kanisani au msikitini, hapiki, hapigi simu, akisema anangoja hamu irudi. Hamu hufuata kitendo, kwa hiyo mpangilio ni kinyume na watu wanavyodhani. Chagua kazi moja ndogo, kisha uigawe hadi iwe ndogo zaidi. Kufua nguo zote ni mlima. Kufua shati moja Jumamosi saa nne kunawezekana. Ukimaliza, ongeza kidogo wiki inayofuata. Jamaa wanaomwita mtu huyu mvivu wanazidisha ugonjwa, na tungependa waache.

Kuhusu usingizi: amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kulala, toka, keti penye mwanga hafifu, urudi usingizi unapokuja. Miraa, muguka na kahawa ya jioni hufukuza usingizi. Pombe huuleta haraka kisha huukatiza usiku wa manane. Dawa za usingizi zinazouzwa bila cheti cha daktari ni hatari: ndani ya wiki chache mwili huweza kuzitegemea, na zikichanganywa na pombe zinaweza kuzuia pumzi.

Msaada wa kliniki unahitajika iwapo huzuni au kukosa raha na mambo uliyoyapenda kumedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi na kazi zako zimeanza kukwama. Utaulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Jumla ya 10 na zaidi hutaka uchunguzi wa kina. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na jibu lolote zaidi ya "hapana" hufuatiliwa hata kama jumla ni ndogo. Usishangae kuulizwa waziwazi. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo, na wengi huona nafuu. Nyumbani pia uliza hivyo hivyo. Akikiri, usimwache peke yake, na dawa za shamba na vidonge vifungiwe au vipelekwe kwa jirani.

Ukiandikiwa dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni inayodumu, tarajia kichefuchefu au maumivu ya kichwa siku za mwanzo. Nafuu huanza kati ya wiki ya pili na ya nne, na matumizi huendelea kwa angalau miezi sita baada ya kupona. Wanaoacha wiki ya tatu kwa kusema "hazifanyi kazi", au mwezi wa pili kwa kusema "nimepona", ndio wanaorudi wakiwa hali mbaya.

Beba kitambulisho na dawa zote unazotumia, za kienyeji zikiwemo. Zahanati na vituo vya afya vinaweza kuanza kukuhudumia na kukupa rufaa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri ya mgonjwa. Mwajiri hapewi faili yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Kiombe siku hiyo hiyo, usingoje barua ya onyo.

Usiku, au ukiwa mbali na hospitali, piga 1199, simu ya bila malipo ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Ukikosa siku uliyopangiwa kliniki, njoo siku inayofuata bila kungoja tarehe mpya.