Je, wajua kwa nini mmoja asiyekula nyama hunywa maziwa, na mwingine hata kitunguu hakigusi?

Mwaka 1888 kijana wa Kihindi aitwaye Mohandas Gandhi alipanda meli kwenda London kusomea sheria. Kabla ya kuondoka alimwapia mama yake kwamba hatagusa nyama. Alipofika huko alikutana na Waingereza ambao nao hawakula nyama, na akagundua kwamba hata wao kwa wao hawakubaliani nyama ni kitu gani. Kwa baadhi yao nyama ilikuwa ya wanyama na ndege tu, hivyo samaki na mayai ruksa. Wengine walikataa mnofu wa kiumbe chochote, samaki akiwemo, ila yai walikula. Kundi la tatu lilikataa vyote hivyo, na yai na maziwa juu yake. Gandhi akaamua kwamba kiapo hufuata maana aliyokuwa nayo yule aliyeapiwa. Mama yake alihesabu yai kuwa nyama, kwa hiyo mayai aliyokuwa ameanza kuyala akayaacha.

Mabishano hayo yapo mpaka leo, kwa sababu watu wanaosema "sili nyama" hawakufika hapo kwa njia moja. Ukitaka kujua kitakachobaki kwenye sahani ya mtu, anza na sababu yake.

Dini ndiyo sababu kongwe. Wajaini wa India wanafundishwa kutodhuru kiumbe chochote chenye uhai, na wanalichukulia fundisho hilo kwa uzito ambao wengi wetu tungeushindwa ndani ya wiki moja. Nyama, samaki na mayai havipo kabisa. Asali pia haipo, kwa sababu ya nyuki. Waliojizatiti zaidi hawali viazi, karoti, vitunguu wala vitunguu saumu: ukichimba mzizi unaua mmea mzima, pamoja na vijidudu vilivyo kwenye udongo wake. Wengi hula kabla jua halijazama, wasije wakameza mdudu gizani. Maziwa, kwa desturi, wanakunywa.

Mabudha wengi wa China wasiokula nyama nao hukataa kitunguu na kitunguu saumu, lakini sababu yao ni tofauti kabisa. Kwao vyakula hivyo vyenye harufu kali huchochea tamaa na hasira, na humvuruga mtu anayetaka kutuliza nafsi. Ajabu ni kwamba Budha mwenyewe, kwa mujibu wa maandiko ya zamani, alikataa ombi la kuwalazimisha watawa wote waache nyama. Mtawa aliruhusiwa kula aliyopewa, mradi hakuona, hakusikia wala hakushuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake.

Wahindu si wote wanaoacha nyama, ingawa nje ya India wengi hudhani hivyo. Wanaoiacha kwa kawaida hukataa yai, ila maziwa na samli ni vyakula vinavyoheshimika. Sheria za India zinafuata mtazamo huo: chakula cha pakiti kisicho na nyama huwekwa alama ya kijani, na chenye yai hakiipati.

Kwa Wakristo mambo hutegemea kanisa. Waorthodoksi wa Ethiopia hujinyima nyama, maziwa na mayai Jumatano, Ijumaa na katika vipindi virefu vya mfungo, kisha mfungo ukiisha nyama huliwa kwa shangwe. Mpaka wao umechorwa kwenye kalenda. Waadventista wa Sabato walianza kuhimizwa kuacha nyama tangu miaka ya 1860, baada ya Ellen White kueleza maono yake ya mwaka 1863 kuhusu afya. Hoja yao ni kwamba mwili ni hekalu, na hekalu hutunzwa. Kuacha nyama si sharti la uumini kwao, na wengi wanaoiacha hula mayai na maziwa bila shida.

Katika Uislamu nyama iliyochinjwa kwa taratibu zake ni halali. Mtu anaweza kuiacha kwa hiari yake, lakini akianza kuiita haramu hapo ndipo ugomvi huanza. Mshairi kipofu wa Syria, Abul-Ala al-Maarri, aliyefariki mwaka 1057, aliacha nyama, samaki, maziwa, mayai na hata asali, akisema ni dhuluma kuvichukua kutoka kwa wenyewe. Kiongozi mmoja wa kidini aliyekuwa Cairo alimwandikia barua akitaka kujua hoja zake. Al-Maarri alijieleza, na miongoni mwa sababu alizotoa aliutaja pia ufinyu wa kipato chake. Umaskini huwa hatuutaji tukiorodhesha sababu za kuacha nyama, ilhali umewanyima watu wengi kitoweo kuliko mahubiri.

Al-Maarri ni mfano wa mapema wa sababu ya kimaadili, ile ya kumhurumia mnyama. Mwaka 1789 mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham aliiweka hoja hiyo wazi: tusiulize kama wanyama wanaweza kufikiri au kuzungumza, tuulize kama wanaweza kuteseka. Ukikubali kipimo hicho, kuacha nyama peke yake hakukufikishi mbali. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na ndama dume wa kizazi cha maziwa ana faida ndogo kwa mfugaji. Vifaranga dume wa kuku wa mayai hawatagi wala hawanenepi haraka, hivyo katika ufugaji wa viwandani huuawa siku ileile wanayoanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia mwaka 2022. Ndiyo maana mwaka 1944 Waingereza wachache, Donald Watson akiwa mmojawao, waliona chama cha wasiokula nyama kilichoanzishwa nchini mwao tangu 1847 hakitoshi, wakaunda chao cha vegani, yaani watu wasiotumia chochote kitokanacho na mnyama. Hapa nadhani vegani wana hoja ngumu kujibika: anayeacha nyama kwa huruma kisha akaongeza mayai amehamisha mateso tu. Jibini nalo lina siri yake, kwani aina nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa kwenye tumbo la ndama. Jelatini ya kwenye peremende hutokana na ngozi na mifupa.

Tukija kwenye afya, hii ndiyo sababu inayotiwa chumvi zaidi. Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliweka nyama za kusindikwa kama soseji kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku. Nyama nyekundu iliwekwa kwenye kundi la "huenda inasababisha". Watu wakaelewa kwamba soseji ni hatari sawa na sigara. Sivyo. Makundi yale hupima uimara wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Hesabu yenyewe ilikuwa kwamba kula gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Tuseme kati ya watu 100 watano wangeipata hata hivyo. Kwa ongezeko hilo wanakuwa karibu sita. Si jambo la kupuuza, ila si sigara.

Moyo una habari njema zaidi. Utafiti mmoja uliofuatilia watu wapatao 48,000 Uingereza kwa takriban miaka 18 ulitoa matokeo mwaka 2019: wasiokula nyama walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 22 chini ya walaji nyama. Wanaonukuu utafiti huo mara nyingi huishia hapo, lakini utafiti wenyewe uliendelea. Watu walewale walipata kiharusi zaidi, kwa asilimia 20. Tena asiyekula nyama mara nyingi pia havuti sigara na hufanya mazoezi, hivyo watafiti hupata kazi kubwa kutenganisha mchango wa sahani na wa mwenendo mzima. Halafu chipsi na soda navyo havina nyama.

Mtu akiacha nyama, protini huwa si tatizo kubwa kama anavyotishwa: kunde na nafaka hujaziana upungufu, na si lazima ziwe kwenye mlo mmoja. Chuma kinahitaji uangalifu. Kile cha mimea hufyonzwa kwa shida, hivyo limau au chungwa pamoja na chakula husaidia, na chai ya papo hapo baada ya kula huharibu. Jambo lisilo na mjadala ni vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, na mimea haitupatii kiasi cha kutegemewa. Anayekunywa maziwa na kula mayai anaweza kuipata. Vegani lazima ameze vidonge au ale vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu hujiona mzima kwa muda mrefu kabla ya ganzi na upungufu wa damu kuanza, na mishipa ya fahamu ikishaumia sana huenda isirudi kama zamani.

Sababu mpya kuliko zote ni mazingira. Mwaka 2013 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba mifugo huchangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Sehemu kubwa hutoka kwa ng'ombe, ambaye anapocheua hutoa gesi ya metani. Kwa anayeacha nyama kwa sababu hii, basi, kubadilisha nyama ya ng'ombe kwa ya kuku ni hatua kubwa mbele. Kwa mwenye huruma na wanyama ni balaa: ng'ombe mmoja hutoa nyama sawa na kuku zaidi ya mia moja.