Ngab: Vijana wa Indonesia na Lugha Wanayosingiziwa Kuiharibu

Kwa mara nyingine nimerudishiwa tafsiri ikiwa na maelezo ya mhariri pembeni, kwamba mazungumzo ya vijana wa Jakarta ni Kiindonesia kilichovunjika na kujaa Kiingereza, na kwamba ingefaa niyasafishe. Dai hili nimelijibu mara nyingi kwa barua za faragha. Safari hii nalijibu hadharani.

Kuhusu Kiingereza sina mengi ya kusema. Wapo vijana wanaokichomeka katika kila sentensi, na Waindonesia wenyewe huwaita anak Jaksel, yaani watoto wa Jakarta Kusini, na kuwatania. Hao hawawezi kuwa kipimo cha vijana wa nchi yenye lugha zaidi ya 700. Isitoshe, neno la kigeni likishaingia halibaki lilivyokuwa: kijana akisema anakwenda healing Bandung, hakuna maradhi yanayotibiwa, anakwenda kupunga upepo. Vilevile gas, neno la Kiholanzi, limezaa ngegas, yaani kufoka, na kiambishi chake, nge-, kinafuata kanuni ileile ya vitenzi vya silabi moja inayofundishwa darasani.

Kinachonikera zaidi ni dharau kwa maneno ya mkato. Mager ni malas gerak, uvivu wa kujongea. Baper ni bawa perasaan, kuchukulia mambo moyoni. Bucin ni budak cinta, mtumwa wa mapenzi. Wazee wanaoyalaumu huamka asubuhi wakanunua sembako, ambayo ni sembilan bahan pokok, yaani bidhaa tisa za msingi, kisha wakaenda kutibiwa puskesmas, yaani kituo cha afya cha jamii, ambayo nayo ni mkato wa maneno matatu. Sukarno, rais wa kwanza wa Indonesia, alihimiza berdikari, mkato wa maneno yenye maana ya kusimama kwa miguu yako mwenyewe, na amri ya tarehe 11 Machi 1966 iliyomhamishia Jenerali Suharto mamlaka ikaitwa kwa mkato Supersemar, jina linalomgusa Semar wa vikaragosi vya wayang. Mbinu ni moja, na dola ndiyo iliyoizoesha masikio ya watu. Vijana wameichukua wakaitumia kutajia hisia, jambo ambalo dola haikulishughulikia. Hata curhat, kumwaga ya moyoni, leo limo katika kamusi kuu ya taifa. Mwezi Julai 2022, vijana wa vitongoji walipofika kwa treni Dukuh Atas, katikati ya Jakarta, na kukigeuza kivuko cha waenda kwa miguu kuwa jukwaa la mitindo, herufi SCBD, zinazotambulisha eneo la matajiri wa Sudirman, zilipewa tafsiri mpya: Sudirman, Citayam, Bojonggede, Depok, matatu ya mwisho yakiwa majina ya kwao vijana hao. Ni herufi zilezile nne, lakini ramani ya jiji imebadilika.

Sasa nije kwenye kupindua maneno, ambako naomba msomaji anivumilie. Yuk, yaani twende, huwa kuy. Bisa, kuweza, huwa sabi. Bang, kaka, huwa ngab. Litazameni hilo la mwisho. Ukipindua herufi za bang utapata gnab, na hakuna kijana anayesema hivyo, kwa sababu ng ya Kiindonesia ni sauti moja, kama ng' ya ng'ombe wetu, na kijana anaihamisha nzima bila kuikata. Huo ni uchanganuzi wa fonimu, yaani sauti zinazotofautisha maneno, unaofanywa na mtu ambaye huenda hajawahi kulisikia neno fonimu. Mji wa Malang, Java Mashariki, una desturi kongwe ya namna hii iitwayo walikan: Malang ni Ngalam, na arek, kijana wa pale, ni kera, neno ambalo katika Kiindonesia cha kawaida ni nyani, na wenyeji hujiita hivyo kwa fahari.

Vitabu husimulia kwamba walikan ilizaliwa miongoni mwa wapiganaji wa uhuru waliowakwepa wapelelezi wa Kiholanzi mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha msomaji anaachwa aamini kwamba kuy na sabi ni wajukuu wake wa moja kwa moja. Mimi nina shaka na ukoo huo. Ngab na kuy zinapindua sauti moja moja kama Ngalam, lakini sabi inapindua silabi. Kwa kanuni ya Malang ingekuwa asib. Sabi iko karibu zaidi na Kinyume, lugha ya mafumbo ya pwani yetu inayotanguliza silabi ya mwisho, na hakuna anayedai kwamba Wajava walijifunza kwetu. Naona kwamba vijana hugundua mchezo huu upya popote wanapotaka kujuana, ingawa sina namna ya kulithibitisha hilo.

Hatimaye limebaki swali la kazi yangu, ambalo mhariri angepaswa kuniuliza tangu mwanzo: ngab itafsiriwe vipi? Nilijaribu Kinyume. Kaka ukilipindua linabaki kaka. Ndugu linakuwa gundu, na Mswahili hamwiti rafiki yake nuksi, hata kama vijana wa Malang wameridhika kuitwa nyani. Kwa sasa nimeandika kaka, nikijua kwamba nusu ya neno imepotea, na nimemrudishia mhariri ukurasa huo bila kusafisha chochote kingine.