Roboti ya magurudumu mawili: hela iende kwenye enkoda

Wengi wanaojenga roboti ya majaribio kwa bajeti ndogo huumiza kichwa kuchagua bodi. ESP32, bodi ndogo ya kuendeshea programu, inatosha na kubaki. Kazi ngumu ni roboti kujua imetembea kiasi gani, na hiyo ni kazi ya enkoda: diski yenye matundu inayozunguka na gurudumu, na kitambuzi kinachohesabu matundu yakipita.

Umbo ni rahisi: mota mbili za njano zenye gia ya 1:48, magurudumu ya milimita 65, kipande cha plaiwudi, na nyuma kichupa cha rolioni kilichokatwa, gololi yake ikiwa gurudumu la tatu.

Diski za enkoda za mota hizi zina matundu 20. Gurudumu likizunguka mara moja husogea milimita 204, yaani kila tundu ni milimita 10.2. Magurudumu yakiachana milimita 140, kukosa tundu moja upande mmoja hupotosha mwelekeo kwa digrii 4 na ushee. Mita 3 mbele, roboti iko sentimita 22 pembeni ya pale inapodhani ipo. Kwa hiyo hesabu kingo zote mbili za tundu, upate 40 kwa mzunguko. Vitambuzi vya bei rahisi hutoa mapigo ya uongo ukingoni: weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya ishara na hasi, na programu ipuuze pigo linalofuata jingine ndani ya milisekunde 2. Kwa mizunguko 200 kwa dakika, mapigo halali hupishana takriban milisekunde 7.5. Enkoda hii haijui mbele wala nyuma, hivyo acha gurudumu lisimame kabisa kabla ya kuligeuza.

Draiva, yaani saketi inayopeleka umeme kwenye mota, ya aina ya L298N hula volti 2 hivi na kuzigeuza joto bure, chukua TB6612FNG. Lakini betri mbili za lithiamu za 18650 zilizofuatanishwa zikijaa ni volti 8.4 na mota ni za volti 6, basi PWM (kuwasha na kuzima umeme wa mota haraka haraka ili kupunguza nguvu) isizidi asilimia 70. Bodi ikijizima na kuwaka kila roboti inapoondoka, usilaumu programu: mota zikianza huvuta mkondo mkubwa, volti ikaanguka. Ipe ESP32 kishusha volti chake, weka kapasita ya maikrofaradi 470 jirani na draiva, unganisha hasi zote.

Kipimo kizuri ni cha Borenstein na Feng wa Chuo Kikuu cha Michigan: endesha mraba, kulia kisha kushoto. Ikikata kona pungufu pande zote mbili, umekosea umbali kati ya magurudumu. Ikizidisha upande mmoja na kupunguza mwingine, magurudumu hayalingani kipenyo.