Mzigo unaoruhusiwa kwenye nozeli: kwa nini kila kanuni ina namba yake

Mzigo unaoruhusiwa kwenye nozeli ni kiasi cha juu kabisa cha kani na momenti (nguvu ya kupinda au kuzungusha) ambacho mabomba yanaweza kuutwisha mdomo, yaani nozeli, wa pampu, turbini, tangi au chombo cha shinikizo yanapounganishwa nao. Mzigo huo hutokana na uzito wa bomba na kilichomo ndani yake, lakini mara nyingi chanzo kikubwa ni joto. Bomba la chuma lenye urefu wa mita 10, likipanda kutoka nyuzi 30 hadi 230 za Selsiasi, hurefuka kwa takribani milimita 24, na lisipopewa kona au kitanzi cha kujikunja hukisukuma chochote kilicho mwishoni mwake.

Wengi hudhani kwamba namba ya mzigo iliyo katika jedwali la kanuni hueleza nguvu ya nozeli yenyewe, yaani kani ambayo ikizidi, chuma kitapasuka. Kwa mashine zinazozunguka, sivyo. Nozeli ya pampu ya chuma huweza kubeba zaidi ya inavyoruhusiwa. Kinachoogopwa ni mwili wa pampu kujipinda juu ya msingi wake kiasi kwamba shafti yake haiko tena kwenye mstari mmoja na ya mota, na hapo sili na beringi huanza kuharibika hata kama hakuna ufa popote.

Ndiyo maana kanuni hutofautiana. Kanuni ya API 610 ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayohusu pampu za viwanda vya mafuta, hutoa jedwali kwa kila ukubwa wa nozeli: kwa nozeli ya milimita 100, jumla ya kivekta ya kani za pande tatu isizidi nyutoni 2,560, na ile ya momenti isizidi nyutoni-mita 1,800. NEMA SM 23, iliyoandikwa kwa ajili ya turbini za mvuke (na, ajabu kidogo, na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme wa Marekani), haina jedwali bali fomula inayojumlisha kani na momenti: kwa vipimo vya Kiingereza (kani kwa pauni, momenti kwa futi-pauni), kani mara tatu ukiongeza momenti isizidi 500 mara kipenyo cha nozeli kwa inchi, ilimradi kipenyo hakizidi inchi 8. Chukua mzigo ule ule uliokubalika kwenye pampu uupeleke kwenye turbini yenye nozeli ya inchi 4: fomula inaruhusu 2,000, ilhali mzigo unafika karibu 3,050. Unakataliwa. Kwenye kompresa inayofuata API 617, kanuni ya kompresa ambayo hutumia fomula hiyo hiyo iliyozidishwa kwa takribani 1.85, nozeli hiyo ingepita, ingawa bado ungepaswa kukagua jumla ya mizigo ya nozeli zote kwa pamoja.

Kwa chombo cha shinikizo swali ni jingine kabisa, kwa kuwa hakina shafti ya kulindwa. Hapo hukokotolewa mkazo unaojikusanya kwenye ukuta kuzunguka nozeli, kwa mbinu kama ile ya WRC 107, chapisho la mwaka 1965 la Baraza la Utafiti wa Uchomeleaji la Marekani, na jibu hutegemea unene wa ukuta na kipenyo cha chombo. Tangi kubwa la mafuta nalo lina tabia yake: likijazwa, ukuta wake hutanuka na nozeli iliyo karibu na chini huinama, kwa hiyo API 650, kanuni ya matangi hayo, huzingatia mwendo huo pamoja na mzigo wa bomba.

Kosa la kawaida ni kuridhika kwamba bomba limekidhi ASME B31.3, kanuni ya mabomba ya viwandani. Kanuni hiyo hulinda bomba. Hudai kwamba mizigo inayofika kwenye mashine isiiumize, lakini haitaji kikomo chake. Kikomo hicho hutafutwa katika kanuni ya mashine husika au kwa mtengenezaji, na ni vyema kiandikwe katika mkataba wa ununuzi kabla njia ya mabomba haijachorwa, kwa sababu baada ya hapo kuongeza kitanzi huhitaji nafasi ambayo huenda haipo tena.